Kosa la Kiwandani au Jeraha la Mtaani? Namna ya Kuzisoma Senti Zilizochovywa Shaba

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, Ohio, na ninafanya kazi ya kaunta katika duka dogo. Nimekuwa nikizitenga senti moja moja za Marekani zinazonishangaza. Tano zinanisumbua: ya 1985 ina vipele vidogo shavuni mwa picha ya Rais Lincoln, ya 1989 ni nyeupe kama fedha, ya 1997 imemegeka ubavuni kama iliyong'atwa, ya 1999 herufi zake zinaonekana mara mbili, na ya 2001 ina vidonda vyeusi. Kwenye video za mtandaoni nasikia kila moja ya hizi ina thamani ya mamia ya dola. Nitajuaje lipi ni kosa la kiwandani na lipi ni uharibifu wa kawaida?

JIBU: Ndugu msomaji, nashukuru kwa kutaja miaka na mahali pa kasoro, kwani wengi huandika tu kwamba wana "sarafu ya ajabu" na kutaka waambiwe bei. Kwa namna ulivyozieleza, ile ya 1997 ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa kuwa huenda ni kosa halisi lenye wanunuzi. Ya 1985 na ya 1999 yaelekea zina kasoro za kweli za kiwandani, ila ni za aina ambayo soko haliijali sana. Ya 1989 ninaitilia shaka kubwa, na ya 2001 iliharibika baada ya kutoka kiwandani. Hata hivyo, sijazishika sarafu zenyewe, kwa hiyo ni afadhali nikueleze msingi wa hukumu hii ili uihakiki mwenyewe mezani kwako.

Msingi wenyewe ni swali la wakati: jambo hili lilitokea kabla sarafu haijachovywa shaba (yaani kabla kiini chake cha zinki hakijafunikwa kwa tabaka jembamba la shaba), lilitokea ilipokuwa ikichapwa, au lilitokea baada ya hapo? Katika sarafu iliyotengenezwa kwa aloi moja ndani na nje, swali hili ni gumu, kwa sababu ukiikata leo au ingekatwa kiwandani, rangi ya mkato ni ileile. Sarafu ya kuchovya haina siri hiyo. Lililotokea kabla ya kuchovywa limefunikwa na shaba. Lililotokea wakati wa kuchapwa limeivuta shaba au kuichana kwa namna inayotambulika. Na lililotokea baadaye limeikata shaba na kukifunua kiini cha kijivu kilicho chini yake. Mtu akilizoea swali hili, nusu ya sarafu zinazosifiwa mtandaoni huanguka kabla hajashika hata mizani.

Senti ya Marekani ilikuwa na asilimia 95 ya shaba na uzito wa gramu 3.11 hadi mwaka 1982, ambapo bei ya shaba ilikuwa imepanda kiasi cha kuifanya sarafu hiyo kuwa mzigo kwa serikali. Katika mwaka huohuo zilianza kutolewa senti zenye kiini cha zinki (asilimia 99.2 zinki na 0.8 shaba) kilichochovywa shaba tupu kwa umeme. Kipenyo kilibaki milimita 19.05, lakini uzito ulishuka hadi gramu 2.5, na kwa jumla sarafu nzima ina asilimia 97.5 ya zinki na 2.5 tu ya shaba. Hebu tufanye hesabu kidogo. Asilimia 2.5 ya gramu 2.5 ni gramu 0.0625 za shaba, na karibu thuluthi ya hizo imeyeyushiwa ndani ya kiini. Kinachobaki, kama gramu 0.043, ndicho kilichotandazwa juu ya pande zote mbili pamoja na ubavu. Ukikigawanya kwa eneo la sarafu unapata tabaka lenye unene wa kati ya milimita 0.007 na 0.008, yaani jembamba mara kadhaa kuliko unywele wa kichwani mwako. Karibu kila unachokiona kwenye sarafu zako kinatokana na wembamba huo.

Utengenezaji wake ulikuwa ukienda hivi. Utepe mrefu wa zinki hupitishwa kwenye mashine inayotoboa visahani vya mviringo. Visahani hivyo husafishwa na kuchovywa katika mapipa yanayozunguka ndani ya maji yenye shaba huku umeme ukipitishwa, kazi iliyokuwa ikifanywa na kiwanda cha binafsi kilichoko Greeneville, Tennessee. Kisha hupelekwa Philadelphia au Denver kuchapwa. Huko kila kisahani huingia ndani ya pete ya chuma inayokizuia kisitanuke, na mihuri miwili ya chuma kigumu hukibana kwa nguvu ya makumi ya tani. Mashine moja ina uwezo wa kuchapa hadi sarafu 750 kwa dakika. Kwa kasi hiyo hakuna jicho la mtu linaloweza kuikagua sarafu mojamoja, na ndiyo maana zenye kasoro hupenya. Jambo la kushika ni mpangilio: kukata kwanza, kuchovya pili, kuchapa mwisho.

Tuanze na senti yako ya 1985. Vipele hivyo ni malengelenge ya mchovyo. Hutokea pale ambapo zinki haikusafishwa sawasawa, ikabaki na mafuta au uchafu, nayo shaba ikashindwa kushikamana nayo mahali hapo. Hewa au gesi hunaswa katikati, na sarafu inapopigwa muhuri chuma hupata joto, gesi hutanuka, na mara tu mihuri inapoachia, shaba nyembamba huinuka. Ndiyo sababu lengelenge linaweza kuinuka katikati ya tarakimu ya mwaka au juu ya herufi bila kuifuta: maandishi yalichapwa kwanza, uvimbe ukaja punde baadaye. Miaka ya mwanzo ya senti za zinki, hasa muongo wa 1980, imejaa kasoro hii.

Ukilitazama lengelenge kwa lenzi ya kukuza mara 10, huku taa ikiwa upande mmoja na si juu kabisa, utaona kilima laini kisicho na ncha wala mpaka mkali, ambacho mteremko wake unapotelea taratibu kwenye eneo tupu la sarafu. Mara nyingi malengelenge hukaa kwa vikundi au hujipanga kwenye mstari, kufuata mikwaruzo iliyokuwa kwenye utepe wa zinki. Hapo ndipo watu hudanganyika. Mstari wa uvimbe unaopita kwenye paji la Lincoln huitwa ufa wa muhuri, na kipele kilichokaa pembeni mwa jicho huitwa chozi na kupewa bei. Ufa wa kweli wa muhuri huacha mstari ulioinuka, mwembamba, wenye kingo zinazoeleweka, na mgumu kama sehemu nyingine ya sarafu, kwa kuwa chuma kilijaa ndani ya ufa uliokuwa kwenye muhuri. Lengelenge ni tupu ndani. Ukichukua senti nyingine ya namna hiyo ambayo huna haja nayo na kukibonyeza kipele kwa ncha ya kijiti cha meno, kitabonyea. Usilifanye jaribio hili kwenye sarafu unayodhani ina thamani.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji kubonyeza. Kosa lililotokana na muhuri hujirudia kwenye kila sarafu iliyochapwa na muhuri huo, mahali palepale na kwa umbo lilelile, na ndiyo sababu wakusanyaji wanaweza kuliorodhesha na kulitafuta. Kasoro ya kisahani ni ya kisahani kimoja tu, haina pacha. Malengelenge ni ya kundi hili la pili, nayo ni mengi mno kiasi kwamba wafanyabiashara wengi hawatakulipa zaidi ya senti moja kwa senti yako. Yakiwa makubwa sana na ya kupendeza, kwa mfano yakifunika nusu ya uso wa sarafu, huenda ukampata mtu wa kukupa dola chache.

Ya 1999 inahusiana na wembamba uleule, ila kwa njia tofauti. Mihuri inapobana, chuma cha kisahani hutiririka kuelekea nje, kwenye ukingo. Zinki hutiririka, na shaba iliyo juu yake haina budi kuifuata. Pale ambapo kuna kona ya ghafla, yaani chini ya kuta za herufi na tarakimu zilizo karibu na ukingo, shaba huvutwa hadi ikachanika, na zinki huchungulia kama uzi wa kijivu unaoifuata herufi. Kwa macho matupu mtu huapa kwamba herufi imechapwa mara mbili. Kwa lenzi, unagundua kwamba huo "mchapo wa pili" hauna kimo chochote: ni mstari wa rangi, uliolala sawa na eneo tupu, wenye kung'aa kama bati kwenye sarafu mpya au mweusi kwenye iliyokwisha kuzeeka. Hii ni kasoro ya mchovyo kuchanika, ni halisi, ni ya kiwandani, na haina bei.

Herufi zilizorudiwa kikweli ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa kosa limo ndani ya muhuri wenyewe, uliopokea picha mara mbili bila kulingana wakati ulipokuwa ukitengenezwa. Katika senti za zinki mifano inayojulikana sana ni ya 1983 ambayo maandishi yote ya upande wa nyuma yamerudiwa kwa nguvu, ya 1984 ambayo Lincoln ana ndewe ya sikio la pili chini ya lile la kwanza, na ya 1995 ambayo maneno LIBERTY na IN GOD WE TRUST yamerudiwa kiasi cha kuonekana bila lenzi. Angalia ncha za herufi hizo: zimegawanyika, zina pengo dogo la umbo la V, herufi yenyewe imenenepa, na michapo yote miwili imeviringika na kuinuka. Linganisha na hali ambayo muhuri ulitikisika tu wakati wa kuachia. Hapo herufi haikunenepa bali imekonda, kwa sababu sehemu ya ubavu wake imebanwa ikawa kama ngazi bapa iliyo chini. Hali hiyo ya mtikisiko hupatikana kwenye sarafu nyingi, nayo ndiyo inayouzwa kwa hila zaidi kwa wanunuzi wageni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mihuri ya senti ya Marekani hutengenezwa kwa mbano mmoja, kwa hiyo marudio makubwa kama yale ya 1995 hayatarajiwi kwenye senti ya 1999.

Lakini kabla hujaitia senti hiyo ya 1999 kwenye droo ya mauzo, igeuze. Katika neno AMERICA upande wa nyuma, tazama A ya kwanza na M inayoifuata. Kwenye senti za kawaida za mwaka huo, miguu ya herufi hizo mbili imekaribiana mno hata inaelekea kugusana. Kwenye chache kati yake kuna nafasi iliyo wazi, kwa sababu ulitumika muhuri wa upande wa nyuma uliokusudiwa senti maalumu za wakusanyaji. Hali hiyo imepatikana kwenye senti za 1998, 1999 na 2000, na ya 1999 ndiyo adimu kuliko hizo nyingine. Hapa hakuna kasoro inayovutia macho, sarafu inaonekana nzima kabisa, na pengine ndiyo sababu watengeneza video huizungumzia kidogo kuliko inavyostahili.

Sasa ile iliyong'atwa. Kisahani humegeka kiwandani pale utepe wa zinki usiposogea vya kutosha kati ya toboo moja na jingine. Mashine hutoboa mahali ambapo sehemu yake tayari ni tundu, na kisahani kinachotoka kina pengo la duara. Kwa kuwa tundu lile lilitobolewa na kifaa chenye ukubwa uleule, pengo lina mviringo wa senti nyingine. Chukua senti ya kawaida uilaze ndani ya pengo: zinapaswa kukaribiana kukaa sawa, ingawa kuchapwa huweza kupotosha umbo kidogo. Pengo lililonyooka lipo pia, likitokana na mwisho au ukingo wa utepe, na lingine huwa na meno meno kwa sababu ncha ya utepe ilikuwa bado haijasawazishwa.

Ubavu wa pengo ndio utakaokupa jibu. Kukata kulitangulia kuchovya, kwa hiyo ukuta wa pengo la kweli umechovywa shaba kama sehemu nyingine ya sarafu. Ukiona ukuta wote ni wa kijivu cha zinki, sarafu ilikatwa na mtu mwenye koleo, msumeno au mkasi wa bati, nawe huna haja ya kuendelea. Nieleweke vizuri: mikwaruzo miwili mitatu ya kijivu kwenye ukuta wenye shaba haiihukumu sarafu, kwani kuchapwa kunaweza kuichana shaba pale ilipovutwa. Ninachosema ni ukuta mzima.

Ukuta ukiwa mwekundu, endelea na ishara nyingine mbili. Ya kwanza ipo upande wa pili wa sarafu, mkabala na pengo: ukingo ulioinuka hufifia au kutoweka hapo. Kisahani huinuliwa kingo kwa kubanwa pembeni kati ya vyuma viwili, na pengo linapopita upande mmoja, upande wa mkabala hukosa mbano. Wakusanyaji huiita athari ya Blakesley. Isipokuwepo, haimaanishi moja kwa moja kwamba sarafu ni ya bandia, lakini ikiwepo ni vigumu sana kuighushi. Ishara ya pili ni herufi zilizo jirani na pengo. Chuma kilipotiririka kuelekea nje hakikuta pete ya kukizuia mahali hapo, kwa hiyo herufi hunyooka, hulegea na kufifia kadiri zinavyolikaribia pengo. Kwenye sarafu iliyokatwa mtaani, herufi ni kali na nzima hadi mstari wa mkato, kisha hukoma ghafla. Mwishowe ipime: senti nzima ya zinki inaruhusiwa kuwa na gramu 2.5 pamoja na tofauti ya 0.10 juu au chini, na iliyomegwa lazima ipungue kwa kiasi kinacholingana na ukubwa wa pengo.

Kanuni ya ukuta inatumika kwa matundu pia. Wasomaji waliorithi senti 10 za Afrika Mashariki za enzi ya mkoloni wanajua kwamba tundu la katikati lilikuwa sehemu ya sarafu, lakini senti ya Lincoln yenye tundu ni kazi ya keekee, na ukuta wake wa kijivu utakwambia hivyo.

Kuhusu makosa ya kuchapa ambayo hukuyataja, nitaeleza kwa ufupi kwa kuwa siku moja yanaweza kukupitia mkononi. Senti iliyochapwa kando, yaani muhuri haukuangukia katikati, huacha mwezi mpevu usio na maandishi. Mwezi huo unapaswa kuwa na shaba safi, laini, isiyosagwa. Senti iliyochapwa bila pete hutanuka kuliko kawaida na kupoteza ukingo, na mara nyingi mchovyo wake huchanika pembeni kwa mistari inayokimbilia nje. Ile yenye picha iliyogeuka na kuzama ndani hutokea sarafu iliyokwisha kuchapwa inapong'ang'ania muhuri na kukichapa kisahani kinachofuata. Hii huigizwa sana: mtu hubana senti mbili pamoja kwenye jiliwa, nazo hupigana mhuri. Geuza upande wa pili. Katika igizo la jiliwa, upande huo umebapazwa, pua na ndevu za Lincoln zimelala. Katika kosa la kweli upande wa pili umechapwa vizuri na muhuri wake.

Nimeiacha ya 1989 hadi sasa kwa kuwa ndiyo yenye mitego mingi. Ni kweli kwamba visahani vichache hupita bila kuchovywa na kuchapwa vikiwa zinki tupu, na senti kama hiyo hutafutwa. Watu hudhani mizani itamaliza ubishi, lakini haiwezi. Mchovyo wote, kama tulivyopiga hesabu, ni gramu 0.043 hivi, na tofauti inayoruhusiwa ni gramu 0.10. Maana yake ni kwamba senti isiyochovywa, ambayo kwa wastani ina kama gramu 2.46, inaweza kuwa na uzito sawa na senti ya kawaida. Mizani hapa ina kazi ya kuondoa dhana nyingine. Ikisoma karibu na 2.27, huenda una senti iliyochapwa kwenye kisahani cha sarafu ya senti kumi, na hilo ni kosa kubwa la kweli. Ikisoma 2.70 na mwaka ni 1943, hiyo ni senti ya chuma ya wakati wa vita iliyochovywa zinki, ya kawaida kabisa.

Kinachoamua ni uso wa chuma. Chuma kilichotiririka chini ya muhuri hubaki na vijistari vidogo mno vinavyoanzia katikati kuelekea nje, na ukiizungusha sarafu polepole chini ya taa, mwanga huzunguka juu yake kwa miale. Senti ambayo haikuchovywa ina mng'ao huo juu ya zinki yenyewe, ikiwa haijazeeka, na rangi yake ni kijivu kinachoelekea buluu. Senti iliyovuliwa shaba kwa dawa imepoteza tabaka lililobeba mng'ao huo. Utaiona imefifia, ina uso wa chengachenga, maandishi yamekonda, na mara nyingi mabaki ya wekundu yamejificha kwenye pembe za herufi mahali ambapo dawa haikufika vizuri. Iliyopakwa chuma kingine juu hufanya kinyume: maandishi hunenepa na kona hujaa.

Kuna chanzo kingine cha senti nyeupe ambacho wauzaji hawakitaji. Katika maabara za shule, wanafunzi huichemsha senti ndani ya maji ya kostiki soda yenye unga wa zinki, nayo hugeuka kuwa kama fedha. Kisha wakiipasha moto, zinki na shaba huungana kuwa shaba ya njano, na sarafu huwa kama dhahabu. Ni onyesho zuri la kemia, na sarafu hizo mwisho wake hutumika madukani. Kwa hiyo senti ya njano inayong'aa, hata ikiitwa "iliyochovywa shaba njano kwa bahati mbaya", ninaidai uthibitisho wa maabara ya wataalamu kabla sijaamini. Ya kwako ya 1989, kwa kuwa umesema ni nyeupe kama fedha na si ya kijivu, yaelekea imepakwa. Itazame chini ya lenzi pale ukingo ulipolika. Ikiwa wekundu unachungulia kutoka chini ya weupe, shauri limekwisha.

Kwa ile ya 2001 sitasema mengi. Zinki na shaba zikigusana penye unyevu, zinki ndiyo inayoliwa. Mkwaruzo mmoja tu unatosha kuufungulia unyevu, jasho au chumvi ya barabarani ya majira ya baridi njia ya kufika kwenye kiini, na kuanzia hapo zinki huoza chini ya shaba, hutoa unga mweupe, hugeuka nyeusi na kuacha mashimo. Si kosa la kiwandani, na itaendelea kuoza. Itenge na zako nyingine.

Kwa wasomaji walioko Ulaya, msingi ni uleule lakini kiini ni chuma cha kawaida badala ya zinki, kwa hiyo jeraha la baadaye huonyesha kutu ya kahawia, na sumaku inakuwa chombo chako cha kwanza. Peni 1 na peni 2 za Uingereza zilianza kuwa za chuma kilichochovywa shaba mwaka 1992, ila peni 2 za 1998 zipo za aina zote mbili, kwa hiyo peni 2 ya mwaka huo isiyoshikwa na sumaku si kosa. Sarafu za yuro za senti 1, 2 na 5 ni za chuma cha kuchovya pia. Italia mwaka 2002 ilitoa kwa makosa senti 1 zenye jengo la Mole Antonelliana la Turin, ambalo ni la senti 2, zikiwa na kipenyo cha milimita 18.75 badala ya 16.25, rula tu inatosha kuzitambua. Na ukikutana na shilingi 1 au 2 za Uganda za mwaka 1987 zikinasa kwenye sumaku, usishtuke: ni chuma kilichochovywa shaba.

Kuhusu bei, habari kwamba senti ya mwisho ya mzunguko ilichapwa Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025 imeongeza kelele, na kwa maoni yangu itaziongeza bei zinazotajwa kuliko bei zinazolipwa. Bei anayoiomba muuzaji si ushahidi wa chochote. Tafuta bei ambazo mauzo yamekamilika. Uhakiki wa kampuni kama ANACS, NGC au PCGS unalipiwa, na gharama hiyo pamoja na posta huzidi thamani ya kasoro nyingi nilizozieleza hapa. Mimi ningeipeleka ya 1997 ikiwa ukuta wake ni mwekundu, na ya 1999 ikiwa A na M zimeachana. Kabla ya hapo, zionyeshe picha zake kwa wanachama wa CONECA, chama cha wakusanyaji wa makosa ya sarafu. Kwa ile ya 1997 piga picha nne: pande mbili, ukuta wa pengo ukiwa umeielekea kamera, na ukingo ulio mkabala na pengo.

Ukipata nafasi, pitisha pia senti zote za 1982 kwenye mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Mwaka huo una aina saba zinazotambulika kwa kiwanda, ukubwa wa tarakimu na chuma, na mwaka 2016 iliibuka ya nane ambayo haikutarajiwa: ya Denver, yenye tarakimu ndogo, ikiwa na gramu 3.11. Senti yoyote ya 1983 na kuendelea inayokaribia gramu 3.1 iweke kando mara moja, kwa kuwa visahani vichache vya zamani vilibaki mashineni.

Usizisafishe. Ndimu, siki na dawa ya meno hung'arisha kwa saa chache, lakini asidi ya ndimu na siki ikipenya kwenye upenyo wa mchovyo huanza kuila zinki usiku uleule, na mnunuzi mzoefu huuona usafi huo kwa mtazamo mmoja. Shika sarafu kwa ubavu, usiziweke kwenye mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali kwa kuwa hutoa kemikali zinazoiharibu shaba, tumia vishikizo vya karatasi ngumu vyenye dirisha, na ndani ya boksi tia vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ukivibadilisha kila mara.